Kuifufua Land Rover 109 kwa mshahara wa mwalimu

Kila anayesimama getini kwangu kuitazama Land Rover huanza na swali lilelile: "Mwalimu, ulipoinunua ilikuwa inawaka?" Haikuwa inawaka. Injini ilikuwa imeshika, hata hendeli, ile chuma ya kuwashia kwa mkono, haikuisogeza, nami nikafurahi kimoyomoyo, maana hilo ndilo lililovunja bei. Mtu mwenye hela ya kuungaunga anayetaka kufufua gari la zamani anunue chasisi na karatasi, injini itafuata. Ile injini ya petroli ya cc 2,286 inafunguka kwa spana za kuazima chini ya mti wowote, na spea zake bado zinapatikana Dar na Arusha. Chasisi iliyooza haina duka. Na gari lisilo na kadi inayoeleweka ni chuma chakavu, hata kama linanguruma.

Hii yangu ni 109, Series III, pikapu. Series III zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, na hiyo 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Utaitambua kwa saa zake za spidi na mafuta kukaa mbele ya dereva, wakati zilizotangulia saa zilikuwa katikati ya dashibodi, na kwa gia zake zote nne za mbele kuingia bila kukanyaga klachi mara mbili. Kwa watu wa umri wangu haihitaji utambulisho. Ndiyo iliyomleta bwana shamba, bwana mifugo, padri na mkuu wa wilaya. Vumbi likionekana barabarani, tulijua ni serikali au kanisa.

Niliikuta Kilosa, uani kwa familia ya bwana shamba mstaafu aliyekwisha kufariki. Ilikuwa juu ya mawe nyuma ya ghala la mahindi, matairi yamekwisha kuondoka zamani, turubai limebaki fremu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiyo wewe uliyekuja kuangalia banda la kuku?"

Nikamwambia nimekuja kuangalia gari. Akacheka, akanipeleka. Kweli kulikuwa na tetea ameatamia kwenye kiti cha dereva, na hakuwa na nia ya kuhama. Mama akasema marehemu kila mwaka alikuwa anaahidi kulitengeneza baada ya mavuno. Ndani ya ghala kulikuwa na zaidi: gia boksi ya pili, ekseli ya nyuma nzima na difu yake, rimu, na debe la nati na bolti. Nikaomba vyote viingie kwenye bei moja. Usiache vikorokoro vya marehemu. Ile gia boksi ya pili niliiuza baadaye kwa watu wanaobeba mboga kutoka milimani, ikarudisha fungu la maana la fedha nilizotoa.

Sikugusa boneti kwanza. Nilitoa nyundo ndogo, nikalala chini kwenye mavumbi nikaanza kugonga chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma, upande mmoja, kisha wa pili, juu, chini na ubavuni. Chuma kizima kinaita. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Vijana wa pale walidhani natafuta kitu kilichofichwa.

Chasisi ya Land Rover ni boksi la mabati ya chuma yaliyochomelewa pamoja. Tope na maji huingia kwenye matundu yake, yakakaa humo, na kutu ikaanza kula kutoka ndani. Nje unaona rangi, ndani hamna kitu. Na bodi inakudanganya zaidi. Land Rover ilipozinduliwa kwenye maonyesho ya Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Hiyo haishiki kutu. Kwa hiyo unaweza kukuta gari bodi yake inapendeza kabisa, likipigwa sabuni unataka kulipia papo hapo, kumbe chini limekwisha. Palipo na alumini iliyogusana na chuma, angalia unga mweupe, maana hapo vitu viwili visivyopatana vinalana.

Ile ya Kilosa ilikuwa imeoza boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, pamoja na mikono miwili inayotoka kwenye chasisi kushikilia bodi. Chuma cha chini miguuni pa abiria nacho kilikuwa kimetoboka, unaona majani. Lakini mapembe ya mbele yanayoshika springi, na sehemu zote springi zinapofungwa, viliita vizuri. Yale mawe yalikuwa yameisaidia, maana chasisi haikugusa udongo miaka yote ile. Hapo nikajua nina gari.

Kisha karatasi. Kwenye hili watu wengi wanachoka, wanaamua "tutamalizana mbele ya safari", na mbele ya safari hakuna kumalizana. Kadi ilikuwepo, imekunjwa ndani ya Biblia, jina la marehemu. Namba ya chasisi ya Series III imepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, kwenye pembe ya mbele upande wa kulia karibu na springi inapofungwa. Nilisugua pale kwa brashi ya waya na mafuta ya taa hadi tarakimu zikatokeza, nikazisoma moja moja huku kijana wa nyumbani akishika kadi. Zililingana. Zisingelingana ningemshukuru mama kwa chai nikaondoka, hata kama wangenipa bure.

Mali ya marehemu haiuzwi na mtu yeyote aliyekabidhiwa funguo. Familia ilikuwa haijafungua mirathi, kwa hiyo ikabidi wakae kikao, waandike muhtasari, waupeleke Mahakama ya Mwanzo, na mama ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi. Nilitoa kiasi kidogo cha kishika uchumba mbele ya mjumbe, tukaandikishana, na kiasi kilichobaki nikakiacha hadi barua ya usimamizi itoke. Ilichukua muda. Rafiki zangu walinicheka kwamba nanunua mkweche kwa taratibu za kununua kiwanja. Waache wacheke. Mkataba ulisainiwa kwa wakili, baada ya hapo kubadilisha jina TRA kukawa ni kazi ya kupanga foleni tu. Jambo jingine lililonipa moyo ni kwamba ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kabla ya hapo gari lililolala lilikuwa linahesabiwa deni huku limelala, na wengi waliogopa hata kuyataja magari yao.

Kulileta Morogoro mjini nilikataa kuburutwa. Gari lisilo na breki, kwa kamba, kwenye barabara ya Dodoma yenye mabasi! Tulitafuta Fuso lililokuwa linarudi tupu, likapandishwa kwa mbao na vijana wengi.

Sasa hela. Nilikuwa na mshahara, twisheni ya jioni, na mkopo mdogo wa SACCOS ambao mama watoto aliuidhinisha kwa sharti kwamba hautaongezwa. Tuligawa fedha mafungu matatu, na mpangilio ulikuwa wake kuliko wangu, maana yeye ndiye mhasibu. La kwanza chasisi. La pili breki, usukani na matairi. La tatu injini na umeme. Rangi haikupewa fungu, viti havikupewa fungu, na redio isitajwe. Sharti likawa fungu moja lisikope kwa jingine. Hili lilinisaidia mno, kwa sababu kila aliyekuja alitaka tuanze na injini. Binadamu anapenda kusikia mngurumo. Nimeona magari mangapi mtaani yaliyowaka siku moja, watu wakashangilia, wakapiga picha, halafu yakarudi kulala kwa sababu hela iliishia kwenye kuwaka na hakuna iliyobaki ya kusimama!

Nilimpata fundi mzee aliyewahi kufanya kazi karakana ya serikali enzi za Land Rover kuwa nyingi kuliko Toyota. Tulikubaliana hivi: kufungua, kuosha, kukwangua na kupaka grisi ni kazi yangu, kupima, kuamua na kufunga vinavyohitaji ujuzi ni kazi yake, nami namlipa kwa kazi, siyo kwa siku. Ukimlipa fundi kwa siku ili afungue bolti zenye kutu, unamlipa kupambana na kutu ambayo wewe mwenyewe ungeweza kupambana nayo jioni baada ya kusahihisha madaftari. Na ukitaka kujua maana ya vyuma vimekaza, jaribu kufungua bolti za springi za gari la namna ile. Mzee alinionyesha: mwagia dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi ya otomatiki, acha ilale, kesho yake usianze kwa kufungua, anza kwa kuikaza kidogo tu hadi usikie imelia "kwi", ndipo urudi nyuma. Ikigoma, ipashe moto kwa gesi. Kila nilichofungua nilikipiga picha kwa simu kabla, na bolti zake zikaenda kwenye kopo lenye jina.

Chasisi ilimeza karibu nusu ya fedha zote, na haionekani. Fundi wa kuchomelea wa kwanza, wa gereji bubu, alitaka kupachika bati jipya juu ya bati lililooza. Ni rahisi, ni haraka, na ni kazi bure, maana unachomelea kwenye kutu na kutu inaendelea na safari yake chini ya kiraka. Wa pili tulielewana: akakata hadi kufikia chuma cheupe, akaweka bamba la milimita tatu, akachomea mshono mzima bila kuruka. Boriti ya nyuma ilitengenezwa mpya kwa vipimo vya ile ya zamani. Pembe ya mbele yenye namba hatukuigusa kabisa. Ukikata pale, hata kwa nia njema, utaeleza polisi hadi uzee. Kazi ilipokwisha nilimimina oili chafu iliyolainishwa kwa dizeli ndani ya boksi lote kupitia matundu yake, nikaipulizia kwa pampu ya kunyunyizia dawa ya nyanya. Iliendelea kudondoka uani kwa muda mrefu, na mama watoto ana maoni yake kuhusu hilo.

Breki ndizo zilizonifundisha zaidi, nataka nikae hapa.

109 ina drami magurudumu yote manne, yaani ngoma za chuma ambazo shuu za breki huzisugua kwa ndani. Kila gurudumu la mbele lina wili silinda, zile zinazosukuma shuu, mbili, nyuma moja moja, jumla sita. Gari likilala, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na maji yale hutafuna silinda kwa ndani. Nilipochomoa ya kwanza nilipitisha ukucha kwenye ukuta wake, ukanasa kwenye vishimo. Dukani watakuuzia mipira peke yake kwa bei ndogo, nawe utadhani umeokoa. Mpira mpya kwenye silinda yenye vishimo utavuja kabla hujazoea gari. Mzee alizikagua zote kwenye mwanga, akatenga mbili, akasema, "Hizi mpe mipira. Hizo nne, mwalimu, toa hela." Nikatoa. Mipaipu ya chuma nayo niliibadilisha yote. Mmoja ulikuwa umezibwa na udongo mgumu kabisa, nyigu walijenga humo tangu silinda ilipofunguliwa na kuachwa wazi.

Kuna watu wanaotembeza magari ya mlimani kwa maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki. Nimeyaona kwa macho. Yanafanya kazi tambarare. Ukiteremka mteremko mrefu drami zikapata moto, maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unakwenda chini mpaka bodi na gari halina habari. Mafuta halisi huhimili joto kubwa kuliko hilo, chupa yake ni bei ya sahani chache za chipsi mayai, sasa unaokoa nini?

Kutoa hewa kwenye breki za 109 ni kazi inayovunja ndoa. Mafundi wengi wanaanza kusukuma pedali na kufungua nipo, ile koki ndogo ya kutolea hewa, wanamaliza chupa ya mafuta na pedali bado laini. Siri aliyonionyesha mzee ni kwamba, kabla ya kuanza, unakaza virekebishi vilivyo nyuma ya kila drami mpaka shuu zishike drami na gurudumu lisizunguke kabisa. Hapo pistoni za silinda hazina pa kwenda, nafasi ya ndani inakuwa ndogo, na hewa haina mahali pa kujificha. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, yaani nyuma kushoto, unamalizia lililo karibu. Mama watoto alikaa kwenye usukani, mimi chini na mpira mwembamba wa plastiki uliozama kwenye chupa.

"Kanyaga. Shikilia. Shikilia!... Achia."

"Hivi gari hili litanipeleka sokoni, au ni mimi ninayelipeleka?"

"Kanyaga."

Tuliona mapovu makubwa, kisha madogo, kisha mafuta matupu. Tulipomaliza magurudumu yote ndipo tukalegeza virekebishi kidogo kidogo hadi gurudumu likazunguka na kusugua kwa mbali. Pedali ikawa ngumu juu kabisa.

Matairi yalikuwa zawadi. 109 inavaa 7.50-16, saizi inayovaliwa na Canter nyingi, kwa hiyo yapo kila mahali, mapya na yaliyotumika. Angalia tu tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, maana tairi linaweza kuwa na meno mazuri na kumbe limekaa stoo miaka kumi. Kwenye bearingi nako nilijifunza kutotaja jina la gari. Ukiingia dukani ukasema "bearingi ya Land Rover ya zamani", bei inapanda kwa heshima ya jina. Chomoa ile mbovu, ioshe, soma namba iliyochongwa pembeni, nenda duka la bearingi na namba tu. Mipira ya oili nayo ipime: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene.

Injini sasa. Mafundi vijana walinishauri tuivute kwa gari jingine ikiwa kwenye gia "iachie". Injini iliyoshika haivutwi. Ringi zimeganda na kutu ndogo kwenye ukuta wa silinda, ukizilazimisha kwa nguvu ya gari zima zinavunjika, na hapo umenunua pistoni. Tulitoa plagi, tukamimina ule mchanganyiko wa dizeli na oili ya otomatiki kwenye kila silinda, tukaacha, tukaongeza, tukaacha. Mzee alifungua kifuniko cha tapeti kuhakikisha hakuna vali iliyonasa ikiwa wazi. Kila jioni nilivaa hendeli mbele, ambayo Land Rover hizi zina tundu lake, nikaijaribu kwa uzito wa mwili tu, mbele na nyuma. Siku ilipocheza, ilicheza kiasi cha upana wa sarafu. Nikaiacha hapohapo. Baada ya siku chache ilizunguka duru nzima, plagi zikiwa nje, ikitema uchafu mweusi kwenye ukuta wa jirani.

Baadaye tulishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kukomba tope la oili lililokuwa chini, tukaosha rejeta, na kubadilisha vile vizibo vya bloku vilivyoliwa na kutu, maana huo ndio mwanya ambao maji hupitia kwanza ukiishaanza kutembea. Tanki, ambalo liko chini ya kiti, lilikuwa na petroli iliyogeuka gundi, kwa hiyo kwa majaribio tulitumia dumu la lita tano lililoning'inizwa juu. Pointi za distributa zilisuguliwa na kuachwa na mwanya wa milimita 0.38 hivi. Waya za plagi zikafuata mpangilio wa moja, tatu, nne, mbili. Iliwaka, moshi ukafunika nyumba tatu, watoto wakakimbia kuja badala ya kukimbia kuondoka.

Lakini haikutulia. Ilikuwa inakunywa petroli na kuzima kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, moshi mweusi, plagi zinatoka na masizi. Watu wakanipa ushauri wa kununua kabureta ya Toyota. Mzee akaifungua ile Zenith, akachukua kifuniko cha juu, akakiweka kwenye kioo cha dirisha na kukibonyeza pembeni: kikacheza. Kilikuwa kimepinda kwa joto na kwa mikono ya mafundi waliokaza kupita kiasi. Kikipinda, petroli inapita mahali ambapo haikupangiwa. Akabandika msasa laini juu ya kioo, akanipa kazi: sugua kwa mwendo wa namba nane, bila kukandamiza, geuza kila baada ya muda. Alama nyeusi zilizokuwa katikati zilipungua, zikawa uzi, zikaisha. Tukabadilisha na kiringi kidogo cha mpira kilichomo ndani, kinachouzwa bei ya soda. Injini ikatulia hadi unaweza kusikia tapeti. Mpaka leo hiyo ndiyo matengenezo yenye faida kubwa kuliko gharama niliyowahi kufanya kwenye kitu chochote.

Klachi ilikuwa imegandana na flaiwili. Tulikandamiza pedali kwa kipande cha mbao usiku kucha, asubuhi tukawasha ikiwa kwenye gia ya chini nikakanyaga breki, ikaachia kwa mshindo. Umeme nilimwachia fundi umeme avute nyaya mpya, zile za zamani panya walikuwa wamekula hadi taa za nyuma.

Katikati ya haya yote, mwaka 2022, petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita. Kila mtu akaniambia nitoe injini niweke ya dizeli, Isuzu au TD27 ya Nissan. Sina ugomvi na wanaofanya hivyo. Anayebeba abiria na nyanya kila siku kutoka milimani angekuwa mjinga kutofanya. Mimi nilikaa na mama watoto tukapiga hesabu: bei ya injini, bamba la kuunganishia gia boksi, mikono ya kuifungia, pampu, rejeta, na kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Land Rover yangu inakwenda kilomita sita kwa lita ikiwa imeamka vizuri, lakini inatembea shambani na sokoni mwisho wa wiki. Zile fedha za kubadilisha zingenunua petroli ya miaka. Ikabaki.

Watu wengine hutishana kuhusu petroli isiyo na risasi, yale madini yaliyokuwa yakichanganywa humo zamani. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana na yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na injini hizi zilitengenezwa zama za risasi, ambayo ililinda sehemu vali zinapokaa. Dawa yangu ni fila, kile kibati cha kupimia mianya: tapeti zote zinatakiwa mwanya wa inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Nazipima mara kwa mara. Nikiona mwanya wa vali za moshi unazidi kupungua kila ninapopima, nitajua vali zinazama, na silinda hedi itakwenda kwa wachongaji. Hadi sasa hazijahama.

Bima ndogo nilikata, ukaguzi wa trafiki ikapita, ingawa askari alitumia muda mrefu zaidi kunisimulia Land Rover ya baba yake kuliko kukagua. Rangi bado ni ileile ya kijani iliyobabuka. Mlango wa abiria unafungwa kwa komeo la geti. Saa ya spidi haifanyi kazi na haina haraka, maana na gari lenyewe halina haraka. Tangu Arusha ilipojaa Land Rover kwenye lile tamasha la Oktoba 2024, madalali wa huku wamechangamka, na kila mabaki yaliyoko nyuma ya nyumba za watu sasa yanaitwa antiki na kupandishwa bei. Wananiletea wateja. Nawaonyesha daftari la matumizi, wanaangalia ukurasa wa chasisi, wanarudisha kimya kimya.

Kwa sasa kinachonisumbua ni oili inayovuja kwenye tufe la ekseli ya mbele kushoto, lile linalozungukia gurudumu unapokata kona. Chuma chake kimeota vishimo, kwa hiyo mpira mpya peke yake hautadumu. Mzee anasema tutie grisi badala ya oili tuendelee kutembea. Mama watoto anasema fungu la pili lina akiba kidogo. Nimeulizia Arusha, wanalo lililotumika likiwa safi, bei bado tunavutana.